Koh-i-Noor irudishwe: apewe nani sasa?

Ngalawa: Wakuu, India inaidai almasi ya Koh-i-Noor iliyoko Uingereza, Pakistan iliidai 1976, Waafghani nao wamo. Nader Shah wa Uajemi aliibeba kutoka Delhi 1739, ikaangukia kwa Ahmad Shah Durrani wa Afghanistan, na 1813 Ranjit Singh, mfalme wa Punjab, akamkamua Shah Shuja, mjukuu wa Durrani, pale Lahore (leo Pakistan). Mwingereza akikubali kuitoa, apewe nani?

Fundi Msasa: Iliyoporwa haipo tena. 1852 Waingereza waliichongesha upya: ilikuwa na karati 186 (kipimo cha uzito wa almasi), wakaiacha na 105.6. Asilimia 43 imekuwa vumbi.

Bi Lulu: Uporaji gani? Mkataba wa Lahore, 29 Machi 1849, kifungu cha tatu, unaitaja kwa jina kwamba akabidhiwe Malkia wa Uingereza. India yenyewe 2016 ilisema mahakamani haikuibwa.

Ngalawa: Mkataba na mtoto! Duleep Singh, mfalme wa Punjab aliyeitoa, alikuwa na miaka 10, mama yake kashatenganishwa naye. Na ile kauli ya 2016 serikali ikaigeuka baada ya siku chache tu.

Mzani: 43 si kweli. Zile 186 ni karati za zamani za London, kila moja miligramu 205 na ushee. 105.6 ni za leo, miligramu 200. Zibadili kwanza, unapata 191. Kilichopotea ni karibu asilimia 45. Fundi mzima unachanganya mizani?

Fundi Msasa: Usinifundishe karati. Hoja ni kwamba waliiharibu.

Mzani: Mkato wa Kimughali, wa watawala wa zamani wa India, ulilinda uzito, si mwanga. Chini palikuwa bapa, mwanga ukapenya badala ya kurudi juu, ndiyo maana London 1851 watazamaji waliiona kama kioo. Mafundi wa kampuni ya Coster kutoka Amsterdam waliisaga siku 38 kwenye sahani inayozungushwa kwa mvuke, yenye mafuta na unga wa almasi, maana almasi hailiki ila kwa almasi. Doa la ndani likijitokeza huna budi kushuka zaidi. Uzito huendea hapo.

Mgodini: Mnalilia ya Lahore, ile almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui, Tanganyika, je? 1947, karati 54.5, ikachongwa hadi 23.6, ikawa pambo la kifuani la Malkia. Nayo iliporwa.

Bi Lulu: Alitoa Williamson mwenyewe, mwenye mgodi, zawadi ya harusi ya Elizabeth. Mgodi wake.

Mgodini: Mgodi wake, ardhi ya nani? Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Mwingereza ni mlezi tu. Mlezi anapokea zawadi kutoka shamba la yatima?

Bi Lulu: Basi na almasi ya Cullinan pia? Serikali ya Transvaal, Afrika Kusini, iliinunua pauni 150,000 ndipo ikampa Mfalme Edward VII, 1907.

Mgodini: Sijataja Cullinan. Jibu la Mwadui.

Ngalawa: Jamani, swali langu…

Fundi Msasa: 54.5 hadi 23.6 ni hasara ya asilimia 57. Mzani, hapa karati zote ni za leo, au bado nachanganya?

Mzani: 56.7.