Wapiga besi wa Arusha na Moshi mlioachana na amplifaya nzito, tupeane uzoefu

Mzee wa Sakina (mleta uzi):
Wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye send-off huko Njiro kama mgeni wa kawaida, bila gitaa, nikapewa meza iliyo karibu na jukwaa. Kijana wa besi alifika kwa bodaboda, gitaa mgongoni na begani kibegi ambacho nilidhani kimebeba chakula chake. Akatoa humo amplifaya isiyozidi Biblia ya mezani, akaiweka juu ya spika moja yenye kimo cha ndoo ya lita 20, na baada ya dakika tano soda yangu ilikuwa inatembea yenyewe juu ya meza.

Nilikumbuka bendi yetu ya miaka ya tisini. Amplifaya yangu ya vali, yaani zile taa za kioo zilizokuwa zikikuza sauti kabla ya transista, ilibebwa na watu wawili, na boksi lake la spika nane lilibebwa na wanne. Tulikuwa wanamuziki sita, lakini malipo tuliyagawa mafungu saba, kwa kuwa fungu moja lilikuwa la pikapu ya kubebea boksi hilo. Tulilizoea kuliita mwanabendi wa saba, na kusema kweli ndiye pekee aliyelipwa kabla ya onyesho.

Nilibadilisha mwaka 2016, nikiwa tayari nimechelewa. Naomba wenzangu mseme: mlibadilisha lini, nini kiliwasukuma, na je, mmejuta? Amplifaya ya zamani bado ninayo pamoja na boksi lake, vyote viko stoo, na mama watoto ameshauliza mara tatu vitaondoka lini.

Sauti ya Pasua:
Sisi letu tulilipa jina la Shemeji, kwa sababu hakuna aliyelipenda na hakuna aliyethubutu kuliacha nyuma.

Nyuzi Nne:
Mimi nilibadilisha kwa amri ya daktari. Nilikuwa nashusha boksi peke yangu kutoka kwenye Hiace pale Kijenge, kwa kuwa wenzangu walikuwa wamekwenda kunywa chai, nikasikia kitu kimekatika kiunoni kama kuni kavu. Nililala chali wiki tatu. Hata hivyo nataka iandikwe hapa kwamba nilibadilisha kwa ajili ya mgongo na si kwa ajili ya sikio, maana sikio langu halijaridhika mpaka leo.

Fundi Waya Majengo:
Niruhusuni nieleze kilo zile zilikwenda wapi, kwa sababu vijana wengi wanadhani ni mazingaombwe. Amplifaya ya zamani ilikuwa na transfoma iliyopokea umeme wa ukutani kama ulivyo, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa mwendo huo wa polepole transfoma haiwezi kupitisha nguvu nyingi bila kuwa na chuma kingi na shaba nyingi. Ile ya vali ilihitaji pia transfoma ya pili ya kulisha spika. Amplifaya za sasa huukatakata umeme kwanza, mara makumi ya maelfu kwa sekunde na hata zaidi, na kwa kasi hiyo transfoma ndogo tu inatosha. Transista zake nazo ama zimefunguka kabisa ama zimefunga kabisa, hazikai katikati kama bomba linalovuja, hivyo karibu asilimia 90 ya umeme hufika kwenye spika badala ya kuishia kuwa joto. Ndiyo maana hamwoni tena yale mabati makubwa ya kupozea.

Kwa upande wa spika, sumaku za zamani zilikuwa za feraiti, nzito kama jiwe la kusagia. Sumaku za neodimi, ambazo Wajapani na Wamarekani walizipata karibu wakati mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutoa nguvu ileile kwa kipande kidogo mno.

Nyuzi Nne:
Fundi, umeeleza vizuri, lakini umeruka jambo moja. Ampeg, kampuni ya Marekani ya amplifaya za besi, walipotoa amplifaya yao ya SVT mwaka 1969, yenye vali 14 na wati 300, na uzito wa karibu kilo 40 bila boksi, hawakuwa wajinga. Bendi ya Rolling Stones waliizungusha Marekani mwaka huohuo. Wati 300 za vali hazilingani na wati 500 za hicho kibegi, na kila aliyesimama mbele ya zote mbili anajua.

Fundi Waya Majengo:
Ndugu yangu, tofauti ya 300 na 500 sikio halihangaiki nayo sana. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na ili msikilizaji aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati mara kumi hivi. Unachokisifia si wati. Vali ikizidiwa hujikunja taratibu na kuongeza utamu, ilhali hizi ndogo zikizidiwa hukata ghafla. Pia ulikuwa na spika nane zinazosukuma hewa kwa pamoja. Ukichomeka kibegi katika boksi lilelile la spika nane, nusu ya ubishi wako itaisha.

Nyuzi Nne:
Basi tutakuwa tumerudi kwenye boksi la kilo 60 na ushee, na mada itakuwa imekufa.

Mkulima wa Kibosho:
Hapo kwenye boksi ndipo mmenigusa, na nimeshindwa kunyamaza.

Ilikuwa Septemba mwaka 2003, harusi huko kwetu juu. Mnaofahamu Kibosho mnajua kwamba nyumba nyingi hazifikiwi na gari: unaacha barabara, unashuka kwa kinjia katikati ya migomba na kahawa, unavuka mfereji juu ya gogo, ndipo unapanda tena. Pikapu ilituacha barabarani. Boksi la besi lilikuwa na magurudumu mawili madogo, na mpiga solo wetu, ambaye siku zote alikuwa na wazo, akasema tusijichoshe, tulishushe kwa kamba likiserereka lenyewe. Watu watatu tukashika kamba, naye akatangulia mbele kuongoza.

Mbuzi wa watu alikatiza. Mmoja wetu akaachia kamba ili asimgonge, wa pili akavutwa akaanguka, na mimi niliyebaki nilikuwa na kilo 55 dhidi ya boksi lililonizidi uzito. Niliachia. Mpiga solo alirukia kwenye kahawa. Boksi likapita kwenye migomba miwili bila kuisalimu, likapinduka mara moja, kisha likatumbukia ndani ya mfongo, yaani ule mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, na kukaa sawasawa kabisa, ukingo kwa ukingo, kana kwamba fundi alilipima.

Ninyi wa mjini mnaweza kucheka, lakini Septemba ni kiangazi, na maji ya mfongo hugawanywa kwa zamu. Tulikuwa bado tunahangaika kulitoa, maji yamepanda upande wa juu na kuingia kwenye maharage ya mama mmoja, tukamwona mzee anapanda kutoka bondeni akiwa na jembe begani, anaufuata mfereji mkavu hatua kwa hatua, akitafuta mwizi wa zamu yake. Alifika, akatutazama, akalitazama boksi, akauliza: "Hiki ni nini?" Nikajibu: "Shikamoo mzee, ni besi." Akasema: "Na itapiga humohumo?"

Hatukuruhusiwa kupanda harusini mpaka tulipojenga upya ukingo kwa mawe na udongo, huku bwana harusi akituma watu kuuliza kama tumekufa. Wazee wa mfereji walitutoza debe moja la mbege. Usiku ule gitaa la besi nililichomeka kwenye spika ya kinanda, likalia kama nyuki ndani ya chupa. Spika zile ni za karatasi, tukazianika siku mbili. Tatu hazikuamka tena. Mwaka uliofuata niliuza lililobaki, na tangu hapo sijabeba chombo cha muziki nisichoweza kukipakata.

Sauti ya Pasua:
"Na itapiga humohumo?" Mkuu, nimesoma nikiwa kazini, nimelazimika kutoka nje.

Mtaa wa Mianzini:
Mbege mlilipa, au mlikimbia?

Mkulima wa Kibosho:
Tulilipa, na tulisaidia kuinywa.

Nyuzi Nne:
Samahani mkuu, sikukanushi, lakini boksi la mbao lililofungwa pande zote lina hewa ndani. Lingeelea na kuondoka na maji, lisingeziba.

Fundi Waya Majengo:
Kwa ziwani uko sahihi, kwa sababu boksi la namna ile lina ujazo unaozidi lita 300 na uzito haufiki hata robo ya maji hayo. Lakini ili lielee ni lazima lipate kina na nafasi ya kujisogeza. Kwenye mfereji unaofika gotini, likiwa limebanwa kingo zote mbili, maji yanayolisukuma kwa nyuma yanalikaza zaidi. Mimi naamini.

Mtaa wa Mianzini:
Na yule mbuzi je?

Dada wa Moshono:
Kaka zangu, mbuzi ataendelea kuulizwa, naomba niingize jambo langu. Nilianza kupiga besi kwaya ya vijana nikiwa na miaka 17. Nilipotaka kujiunga na bendi inayopiga hotelini kwa watalii, kiongozi alinisikiliza nyimbo nne, akakiri kwamba napiga vizuri, kisha akaniuliza nitabebaje boksi. Hakuuliza mpiga kinanda atabebaje kinanda. Nikarudi kwaya, nikakaa huko miaka sita. Nilipojichangia na kununua amplifaya ya kilo mbili na nusu na spika ya inchi 12 yenye sumaku ya neodimi, nilirudi hotelini kwa kiongozi yuleyule, nikaiweka mbele yake kwa mkono mmoja. Leo naingia nayo kwenye kifodi na kulipa nauli ya mtu mmoja.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba sauti ya zamani ilikuwa nzuri zaidi, huwa najiuliza ilikuwa nzuri zaidi kwa nani.

Mzee wa Kwa Mrombo:
Mwanangu, kubeba vyombo ilikuwa ndiyo shule yetu. Kijana alibeba miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kugusa nyuzi. Siku hizi mtu anapiga jukwaani hajui hata kukunja kebo.

Dada wa Moshono:
Shikamoo baba. Kebo nakunja vizuri, tena zangu na za wenzangu. Ila nadhani ile shule ilikuwa na wanafunzi wa jinsia moja.

Mzee wa Kwa Mrombo:
Marahaba. Hilo sikuwahi kulitazama hivyo, na sitabisha.

Besi ya Marangu:
Mimi ni mmoja wa waliojuta, angalau mara moja. Mpwa wangu aliniletea amplifaya ndogo kutoka Marekani, nzuri, inang'aa. Kwetu umeme ni volti 230, na yeye aliinunua kule wanakotumia 120. Nyingine hujirekebisha zenyewe au zina swichi nyuma. Hii haikuwa na hata kimoja. Niliiwasha kanisani dakika kumi kabla ya ibada, ikatoa mlio kama wa karanga kikaangoni, na mchungaji akaingia akidhani tumefukiza ubani. Tafadhalini, someni maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka.

Nyuzi Nne:
Na ikishakufa haitengenezeki. Ile ya vali nilibadilisha vali mwenyewe, na transista za ile iliyofuata zilichomelewa na fundi wa redio. Hii mpya niliipeleka kwa mafundi watatu, wote waliifungua, wakaitazama, wakaifunga.

Fundi Waya Majengo:
Ni kweli, vijidude vyake ni vidogo kuliko chembe za mchele na mara nyingi dawa ni kubadilisha bodi nzima. Kwenye jenereta iwekee kifaa cha kulinda umeme.

Sauti ya Pasua:
Ushauri wangu: usibebe amplifaya kabisa. Beba kiboksi cha kuingizia gitaa kwenye mixa, mwachie mwenye muziki.

Mtaa wa Mianzini:
Usimsikilize. Mwenye muziki wa harusi akiona MC hasikiki, kitu cha kwanza kupunguza ni besi. Spika yako iweke chini kabisa, ikiegemea ukuta, besi itaongezeka bure.

Dada wa Moshono:
Ukiiweka chini magoti yako ndiyo yatakayosikia. Mimi naipandisha juu ya kreti ya soda, ielekee sikioni.

Fundi Waya Majengo:
Wote mko sahihi: ukuta na sakafu huongeza sauti ya chini, na kreti hukufanya usikie noti. Lakini msidai miujiza. Uzi wa chini wa besi ya nyuzi nne hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na ule wa tano, kwenye besi ya nyuzi tano, mara 31. Kuna kanuni inayoitwa kwa jina la Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH, isemayo kwamba boksi dogo, besi ya chini sana na sauti kubwa kwa umeme kidogo havipatikani vyote vitatu, utachagua viwili. Kwa hiyo ukiwa na boksi dogo, kata sauti zilizo chini ya mitetemo 40 kwa sekunde, spika itapumua na utasikika zaidi. Tena angalieni omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme: wati 500 zilizoandikwa ni za omu 4, ukiwa na spika moja ya omu 8 unapata karibu nusu tu. Ongezeni ya pili iliyo kama hiyo, mbili zikiunganishwa sambamba huwa omu 4.

Nyuzi Nne:
Boksi la pili tena? Tukifika manane nitawakumbusha.

Kijana wa Usa River:
Shikamoo Mzee wa Sakina. Nimesoma uzi wote kutoka juu. Ile amplifaya ya vali na boksi lake bado vipo? Mimi nina studio ndogo, havitatoka ndani, na sauti yake naihitaji. Naweza kuja Jumapili mchana na bodaboda?

Mzee wa Sakina (mleta uzi):
Marahaba mwanangu, karibu sana, bei tutaelewana. Bodaboda mwache, njoo na kirikuu na wenzako watatu. Mama watoto amesema atawapikia.