Ushauri: Nauliza watu wanamuonaje Rais, sheha kakaa pembeni. Nifanyeje?

Mtoto wa Wete

Assalaam alaykum wana jukwaa. Naomba ushauri, na tafadhali uzi huu msiugeuze wa vyama, maana nawajua.

Nimemaliza chuo mwaka jana, nikakaa nyumbani miezi minane, sasa nimepata kazi ya udadisi ya wiki tatu. Kampuni siitaji. Tunazunguka Pemba na vishikwambi, tunauliza masuala arobaini na kitu: maji, hospitali, barabara, bei ya unga. Halafu kule mwisho ndo linakuja lenyewe: unaridhika kiasi gani na utendaji wa Rais wa Zanzibar kwa miezi kumi na miwili iliyopita? Majibu manne, kuanzia "naridhika sana" mpaka "siridhiki kabisa", na chini yake "sijui" na "amekataa kujibu".

Shida yangu ni sheha, yule kiongozi wa serikali anayesimamia shehia, tuseme mtaa. Kibali tunacho, barua ya Ofisi ya Mtakwimu Mkuu tunayo, na shehia ya watu huingii bila kupita kwa sheha. Hilo silalamiki. Lakini huyu wa juzi hakuishia kutupokea. Alivaa kofia, akachukua bakora, akatufuata nyumba kwa nyumba. Nyumba ya nne nikamkuta bibi anasuka ukili barazani. Sheha akakaa kwenye ngazi, hatua mbili kutoka tulipo. Masuala ya maji na barabara bibi aliyajibu bila kusita, huku vidole vinakwenda. Tulipofika kwa Rais vidole vikasimama. Akamtazama sheha, akanitazama mie, akasema: "Andika mazuri, mwanangu. Mazuri hayamgombanishi mtu." Nikabonyeza "naridhika sana".

Nimeshafunga dodoso, sheha katangulia nyumba ya pili, bibi akanivuta mtandio. "Ushafunga kitabu chako? Haya, sasa nikwambie." Akaniambia. Dakika kumi nzima, na hakuna hata moja lililofanana na nilichoandika.

Sasa nirudi nilibadilishe lile jibu? Na huyu sheha, mtu umri wa baba yangu, namuondoaje bila kumvunjia heshima? Lingine, msimamizi anataka dodoso nane kwa siku, na akisikia mtu kakataa anasema "huyo ruka, ingia nyumba ya jirani". Siku ile katika nane zangu, saba ni "naridhika sana". Usingizi haunijii vizuri.

Kahawa Tungu

Saba kwa nane! Huyo sheha apewe yeye kishikwambi, nyie mrudi nyumbani.

Mdadisi Mstaafu

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Mie nimeanza kazi hii enzi za karatasi, tunabeba madodoso kwenye mfuko wa rambo mvua isiyaloweshe. Kwanza nikugombeze: hilo la saba kwa nane ungelinyamazia. Majibu ya watu hayatolewi uwanjani kabla ya utafiti kwisha, hata kama hukutaja shehia.

Jibu la bibi usiliguse. Alilokwambia baada ya kufunga alikwambia wewe, mtoto wa watu aliyekuja barazani kwake. Hakuliambia dodoso. Alingoja ufunge makusudi. Ukirudi ukalibadilisha, siku nyengine msimamizi wako atabadilisha la mtu kwa sababu "alijua alichomaanisha", na hapo ndo takwimu zinapopikwa.

Lakini usilinyamazie la sheha. Tafiti kubwa za maoni, Afrobarometer kwa mfano, mwisho wa dodoso zina masuala ambayo mdadisi hujijibu mwenyewe: kulikuwa na mtu mwengine anayesikia? Mhojiwa alimuangalia mtu kabla ya kujibu? Kama lenu lina sehemu hiyo, jaza ukweli. Kama halina, muandikie msimamizi ujumbe wa simu leo hii: nyumba fulani hadi fulani, sheha alikuwapo. Ujumbe, si kupiga simu. Ubaki.

Na wanaokataa, usiwaruke kimyakimya. Bonyeza "amekataa". Nacho ni kitu cha kuhesabiwa.

Bi Shughuli

Mwanangu, kwani wewe si mwanamke? Huoni ulichopewa? Ingia uani. Sheha atakaa barazani na bakora yake mpaka jua lizame, uani kwa wanawake wa watu haingii. Piga hodi, salimia, kaa kwenye kibao cha mbuzi ikibidi, masuala yako yaulize hapo huku wenzio wanapepeta mchele. Wageni zenu wa Dar wanakaa barazani kwa sababu hawajui nyumba zetu zina milango miwili.

Na saa. Saa nne asubuhi mwanamke ana chungu motoni, atakujibu lolote uondoke. Nenda baada ya laasiri.

Mzee wa Maskani

Shikamooni mlionizidi, wengine marahaba.

Binti, unajitambulisha vipi ukifika? Usije ukasema "tunafanya kura ya maoni". Hapa kwetu neno hilo lina wenyewe. Kura ya maoni ni ile ya tarehe 31 Julai 2010, tuliyopigia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na kura za "ndiyo" zikapata asilimia 66.4. Kura ya maoni pia ni ile ya ndani ya chama, ya kupata wagombea. Sasa bibi akisikia kura ya maoni halafu anamuona sheha, unataka afikiri nini? Sema "tunauliza watu maoni yao", basi.

Na msimuone bibi muoga. Sheha hachaguliwi na watu, huteuliwa. Kesho bibi anataka barua ya mjukuu akachukue kitambulisho cha Mzanzibari, barua hiyo anaandika nani? Na kama ana umri ninaoudhania, Januari 2001 aliona watu wanapanda vyombo usiku kukimbilia Shimoni, Kenya. Watu wa namna hiyo hawasemi ovyo mbele ya mtu mwenye orodha ya nyumba.

Mie binafsi siziamini hizi asilimia. Kule Bara, shirika la Twaweza walitoa utafiti wao wa simu mwaka 2018: waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, wakashuka 71 mwaka 2017, wakafika 55. Alipokuwa na 96 hakuna aliyewauliza kitu. Walipotangaza 55, Tume ya Sayansi na Teknolojia ikawaandikia barua ya kutaka maelezo, na mkurugenzi wao pasipoti yake ikashikiliwa, ati uraia wake unachunguzwa. Na huo utafiti ulikuwa wa Bara tu, haukuvuka bahari.

Namba Hazina Ndugu

Mzee wangu, heshima yako. Lakini hilo la Twaweza linasema kinyume na unavyotaka. Utafiti usingekuwa na maana, nani angehangaika nao?

Niongeze upande wa hesabu. Sensa ya 2022 ilikuta watu 1,889,773 Zanzibar, na Pemba ni 543,441, yaani kama 29 katika kila mia. Kampuni ikihoji watu 1,200 visiwa vyote kwa uwiano, Pemba inaangukiwa na kama 345. Kwa 1,200, makosa ya kubahatisha ni kama asilimia 3 juu au chini. Kwa 345 yanapita 5. Kwa hiyo ukisikia redioni "Wapemba asilimia fulani wanamkubali", ulizia kwanza Wapemba wangapi walihojiwa. Na chaguzi zetu za Rais wa Zanzibar mnazijua: mwaka 1995 Dk. Salmin 50.2, Maalim Seif 49.8. Mwaka 2010 Dk. Shein 50.1, Maalim 49.1. Utafiti gani wa watu 1,200 ungeweza kuziona tofauti hizo?

Lakini makosa hayo ni ya kubahatisha tu. Sheha kwenye ngazi hamo ndani ya hesabu. Ukihoji elfu kumi mbele ya masheha elfu kumi, unapata namba iliyonyooka na yenye uongo uleule.

Na la kuruka wanaokataa: Marekani mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watamchagua nani. Zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza Landon anashinda. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Gallup alikuwa na watu wachache mno kuliko wao, akapata sawa. Orodha yao iliegemea wenye simu na magari, na walioona haja ya kurudisha kadi hawakufanana na walionyamaza. Msimamizi wako anaposema ruka, anakutengenezea Pemba ya watu wanaopenda kujibu.

Msema Kweli wa Chake

Nimesoma mpaka hapa nikashangaa. Kwani haiwezekani mtu akaridhika kweli? Skuli za ghorofa watu hawazioni? Barabara? Mnamchukulia kila anayesifu kuwa anaogopa, na kila anayelalamika kuwa ndo mkweli. Hiyo nayo ni siasa, mmeivisha koti la takwimu. Katika wale saba, labda watano walisema la moyoni. Nyie mmejuaje?

Namba Hazina Ndugu

Hatujui, ndugu yangu, na hilo ndo tatizo lenyewe. Sheha akishakaa pale, hata aliyeridhika kwa dhati jibu lake limetiwa doa, huwezi kulitenga na la anayeogopa. Angepisha, sifa zingekuwa sifa.

Kahawa Tungu

Msema Kweli leo umenena, na sitarudia. Mie nina mjomba anamkubali Rais vibaya mno, lakini akikaa maskani kwetu, pale wote mnajua sisi ni wa upande gani, anakunywa kahawa kimya. Mdadisi akija pale na kishikwambi chake, mjomba atasema "siridhiki" ili alale kwa amani. Kwa hiyo binti, si sheha tu. Hata sisi na vikombe vyetu tuondoe.

Mdadisi Mstaafu

Hilo la Kahawa Tungu liandike ukutani. Wanaume usiwahoji maskani hata wakikubembeleza. Muombe atoke, mkae chini ya mti, au mfuate anakokwenda.

Na kama dodoso lina kadi ya majibu, itumie. Mpe mkononi, moja mpaka nne, mwambie "nitajie namba tu". Anayesikiliza pembeni anasikia "tatu", hajui tatu ni nini. Kama hamna kadi, muombe msimamizi kabla ya kuitengeneza, usibuni vitu vyako.

Sheha mpe kazi ya kweli. Hakuna ajuaye mipaka ya shehia kama yeye. Mwambie: "Baba, mwenzangu hapati mpaka wa eneo letu, tunaomba umuoneshe." Atakwenda mwenyewe, tena kwa fahari.

Mtoto wa Wete

Nimerudi. Samahani, kule nilikokuwa mtandao ulikuwa wa kuvizia juu ya kilima.

Nyote nawashukuru. Nilimwendea sheha na lile la mipaka. Alinitazama kwanza, kama anayepima, halafu akacheka, akaondoka na mwenzangu. Sijui kama hakunielewa au alinielewa vizuri kuliko nilivyotaka. Bi Shughuli, uani nimeingia. Kibao cha mbuzi nimekikalia kweli, na nazi nimekuna mbili huku nauliza. Namba sisemi tena, nimegombezwa, ila majibu yametawanyika, na mmoja amekataa, nikabonyeza "amekataa". Kuna dada mmoja alimsifia Rais kwa kituo cha afya alichojifungulia, kwa sauti, na hakuna aliyemlazimisha. Msema Kweli, hilo nakupa.

Dodoso zilikuwa sita, si nane.

Ujumbe kuhusu sheha wa mwanzo nilimtumia msimamizi. Mchana akajibu "Poa". Usiku akaandika: "Zile nane za juzi zirudiwe?" Na alama ya kuuliza. Sijui ananiuliza au ananiagiza. Nikamwambia zikirudiwa, nyumba ya bibi aende mdadisi mwengine, maana mie keshaniambia yake, na mbele ya kitabu hatayarudia.

Hajajibu. Tiki mbili tu.