Kifungio cha wavu wa ngiri: kwa nini chenye nguvu zaidi kikataliwe?

Mwanafunzi_Uhandisi
Ninasanifu kifungio cha kushikiza wavu wa polipropilini kwenye ukuta wa tumbo katika upasuaji wa ngiri (henia, yaani kiungo cha ndani kuchomoza kupitia tundu la ukuta wa tumbo) unaofanywa kupitia matundu madogo. Nina vielelezo viwili: kimoja ni cha titani, kimejizungusha kama springi na kina urefu wa milimita 4, kingine kina urefu wa milimita 7 na miba inayoelekea nyuma mithili ya ndoana. Nilipovivuta kwa mashine kutoka kwenye nyama ya tumbo la nguruwe, chenye miba kilishinda kwa mbali, lakini daktari anayenishauri amekikataa. Je, nguvu ya kushika si ndiyo kigezo cha kwanza?

Fundi_Vipandikizi
Ni kigezo, ila umekipima kwa upande mmoja tu. Wavu uliotandazwa ndani na kuvuka ukingo wa tundu la ngiri kwa sentimita 5 hivi hubanwa ukutani na shinikizo la tumbo lenyewe, kwa hiyo mgonjwa anapokohoa, sehemu kubwa ya mzigo hukijia kifungio kwa kando, wavu ukitaka kuteleza. Rudia jaribio ukivuta sambamba na ukuta, mara mamia kwa nguvu ndogo, nyama ikiwa na unyevu na joto la nyuzi 37, kisha utazame kilichoshindwa. Mara nyingi chuma hubaki kizima na nyama ndiyo huchanika, kama uzi unavyokata sabuni. Wanaoshona vali za moyo wanalijua hilo; huweka vipande vidogo vya kitambaa kizito chini ya uzi ili mzigo utawanyike.

Daktari_Mpasuaji
Kifaa chetu cha kupigia vifungio huingia kutokea ubavuni na kukutana na ukuta kwa mshazari, ndiyo maana mkono wangu wa pili hukandamiza tumbo kwa nje mpaka ukuta uikabili ncha. Milimita 3 za ziada zinaweza kufika kwenye neva, na neva iliyochomwa huweza kumwachia mgonjwa maumivu ya miaka. Kinenani zipo sehemu ambazo hatupigi kifungio kabisa, kwa kuwa hapo hupita mishipa mikubwa ya damu na neva za paja. Isitoshe, nikikosea nafasi, springi naweza kuizungusha kinyume ikatoka. Miba yako itatoka na nyama.

Mwanafunzi_Uhandisi
Ahsante, Daktari. Je, ni lazima titani ibaki mwilini daima?

Fundi_Vipandikizi
Si lazima. Katika wiki za mwanzo tishu huota kupitia vitundu vya wavu na kuipokea kazi ya kifungio. Zipo polima (plastiki) za laktidi na glikolidi ambazo maji ya mwili huzivunja taratibu, lakini hupoteza nguvu mapema kabla hazijatoweka, kwa hiyo zipime wiki kwa wiki zikiwa zimelowekwa. Usitegemee kuihamisha springi yako jinsi ilivyo: polima haina ukakamavu wa titani, na itabidi shina liwe nene zaidi na kifaa kitoboe njia kwanza.