Wakufunzi wa uandishi wa habari, mnawafundisha nini hawa vijana kuhusu zile nukta tatu?

Wakuu, nina hasira. Niko Kigoma, nahariri habari, na kila msimu wa field tunapokea wanachuo ambao wamekariri kitu kimoja: nukuu ikiwa ndefu, ikate, weka nukta tatu (...) kuonyesha kuna maneno umeyaruka, songa mbele. Ukiuliza wamepata wapi hiyo, jibu ni "darasani".

Sasa mvuvi wa Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma wanakoshushia samaki, hakupi la moyoni kwenye sentensi ya kwanza. Atakusalimia, atashukuru, atakubali lililo jema, ndipo aseme kinachomkera. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti. Chukulia mvuvi akwambie: "Tunakubali ziwa lipumzike, samaki wamepungua kweli, lakini miezi mitatu yote hii watoto watakula nini?" Mwanafunzi anaandika: "Tunakubali ziwa lipumzike..." Basi! Kilio kimegeuka pongezi, na jina la mzee wa watu liko pale pale. Wenzake mwaloni watamwonaje?

Hata mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press la Marekani unakataza kuweka nukta hizo mwanzoni au mwishoni mwa nukuu, na unaonya usikate mpaka maana ikapotoka. Hawa wetu wanaziweka mwishoni karibu kila mara, yaani pale pale penye "lakini".

Redioni ndiyo balaa kabisa. Msomaji wa taarifa hatamki nukta. Msikilizaji wa Kasulu au Uvinza anasikia sentensi imenyooka, hana namna ya kujua kuna maneno yameondolewa. Gazetini angalau jicho linaona.

Nukta tatu ni za kuondoa marudio na maneno ya kuvutia muda, huko katikati. Sharti la msemaji haliguswi: "ila", "kama", "isipokuwa", vyote vibaki. Nukuu ikizidi urefu, eleza sehemu kubwa kwa maneno yako, kisha bakiza kipande kimoja kizima ndani ya alama za kunukuu, kile chenye uzito. Hilo linataka kijana asikilize rekodi mpaka mwisho, na ndicho wasichofanya, kwa sababu hakuna aliyewadai.

Wakufunzi mliomo humu, nijibuni: mnaposahihisha zoezi la nukuu, mnasikiliza rekodi ya mwanafunzi, au mnaangalia urefu wa habari tu?