Mrejesho: Oedipus hakujua, au hakutaka kujua?

Wiki iliyopita niliuliza kama Oedipus, mfalme katika mchezo wa kuigiza wa Sophocles wa Ugiriki ya kale, aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake, alionewa na miungu au alijidanganya mwenyewe. Asanteni sana ndugu zangu, nimeusoma mchezo upya. Alijifumba macho! Teiresias, nabii kipofu, anamwambia waziwazi kwamba ndiye aliyemuua Laius, mfalme aliyemtangulia, anaambulia matusi. Jocasta, mkewe ambaye kumbe ni mama yake, anataja mahali alipouawa Laius, njia tatu zinapokutana. Oedipus anashtuka, maana hapo ndipo alipomuua mzee mmoja. Bado anang'ang'ania neno la shahidi, kwamba majambazi walikuwa wengi. Na miguu yake ina makovu tangu uchanga, kama mtoto wa Laius aliyefungwa miguu na kutupwa. Kilichoniliza ni Jocasta: anatambua ukweli kabla yake, anamsihi aache kuuliza, lakini Oedipus anadhani mkewe anaona haya tu kuolewa na mtoto wa mtumwa.