Naomba ushauri: kinga hukionaje kirusi kilichojificha kwenye ini?

Habari zenu wakuu. Nasoma stashahada ya maabara, na somo la kinga ya mwili limenikwamisha wiki ya pili sasa.

Nilichoelewa ni kwamba seli T (aina ya chembe nyeupe za kinga) haitambui antijeni (kitu kigeni kinachoamsha kinga) nzima kama kingamwili, yaani protini za kinga zinazonata kwenye antijeni, inavyofanya. Husubiri kipande cha protini kilichopakatwa na molekuli ya MHC, protini ya juu ya seli inayoonyesha vipande hivyo. MHC daraja la kwanza hubeba vipande vifupi vya ndani ya seli, kwa kawaida asidi amino 8 hadi 10, na husomwa na seli za CD8, yaani seli T zinazoua seli zilizoambukizwa. Daraja la pili hubeba vilivyomezwa kutoka nje, kwa ajili ya CD4, yaani seli T saidizi. Hapo sawa.

Sasa homa ya ini aina ya B: virusi hushambulia seli za ini, lakini tunafundishwa kwamba CD8 changa (ambazo bado hazijakutana na antijeni yao) huamshwa na seli za dendriti, yaani seli za kinga zinazokusanya antijeni na kuzionyesha kwa seli T, si na seli za ini zenyewe. Nimerudia notsi, nimechora mara tatu (mchoro wa mwisho ulifanana na ramani ya daladala), bado.

Je, dendriti isiyoambukizwa inaweza kumeza mabaki ya seli ya ini na kuyapandisha kwenye MHC daraja la kwanza? Kama ndiyo, mbona CD8 haiiui hapohapo?