Mwenzetu anaua sini (kipande cha igizo) kila akipewa kitu, tumwambieje?

Mleta mada:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Hili jambo linaninyima usingizi.

Tuko watano, tunafanya vichekesho vya papo kwa papo hapa Dar. Hatuna skripti: tunaomba neno kwa watazamaji, tunaingia. Mmoja wetu ana kipaji hasa, ila kila unachompa anakikataa. Ijumaa tulipewa neno "Feri". Nikaingia nimepinda mgongo kama niliyebeba ndoo nzito, maji yananimwagikia mguuni. "Mama Zuu, mzigo wako huu." Akanitazama: "Mimi siyo Mama Zuu, na wewe huna ndoo." Ukumbi mzima ukacheka. Nikabaki na mikono hewani, sini ikafa palepale, na waliofuata hawakuwa na pa kuanzia. Nikimwambia, ananijibu, "Si wamecheka?" Nampenda huyu ndugu, tumeanza naye tangu siku ya kwanza.

Mdau 1:
Mtoeni. Anachekesha kwa jasho lenu.

Mdau 2:
Mkuu, msimtoe, na wala msimkalishe kikao. Kila mtu anajua kanuni ya "ndiyo, halafu": pokea ulichopewa, ongeza chako. Kuijua si kuiweza. Viola Spolin, aliyewafundisha maigizo watoto wa wahamiaji kule Chicago, aliwapa michezo badala ya maelezo. Mwanawe Paul Sills akaitumia michezo hiyo, na mwaka 1959 akawa mmoja wa waanzilishi wa Second City, kikundi maarufu cha vichekesho vya papo kwa papo huko huko Chicago. Nanyi mpeni mchezo: kaeni duara, simulieni hadithi moja, kila mtu neno moja tu kwa zamu. Hapo hakuna pa kung'aria peke yako.

Mdau 3:
Marahaba wanangu. Niliigiza kwenye kikundi cha utamaduni miaka ya 90, enzi za ushindani wa vikundi viwili vikubwa, Muungano na TOT (Tanzania One Theatre). Usiku mmoja ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, taarabu. Igizo halikuandikwa. Kiongozi alitupa kisa na kusema nani ni nani, maneno mtayakuta jukwaani.

Sasa wewe mwenye ndoo, nawe ulikosea kusimama. Mwenzio kakwambia huna ndoo? Mwamini! Tazama mikono yako, piga ukunga: "Mama Zuu, wameniibia tena!" Alilosema limekuwa kweli, ndoo bado imo kwenye kisa, na yeye itabidi atafute mwizi pamoja nawe.

Mleta mada:
Shikamoo mzee, hilo la kumwamini sikuwahi kuliwaza.

Mrejesho: jana tumefanya neno moja moja. Raundi mbili za kwanza alitia kituko, hadithi ikakwama kwake, tukasubiri, hakuna aliyecheka. Ya tatu tukafika mwisho. Baada ya mazoezi alikuwa kimya njia nzima. Tulipofika kituoni akaniuliza, "Ile ndoo ya Ijumaa, ilikuwa na nini ndani?"